Fungu la Dereva

Laban alikuwa hajaonja pombe tangu ndege iliyompeleka Saudia ilipofunga mlango wake pale Nairobi, na jambo hilo alipenda sana kulitaja. Alilitaja mtaani Manfuha, Riyadh, siku za Ijumaa alipokwenda kuwatembelea Wakenya wenzake, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Alilitaja zaidi kwa simu, akiongea na mkewe Winfred, aliyefanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Nuzha huko Jeddah, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka Riyadh alikokuwa Laban akimwendesha mhandisi mmoja mstaafu. Winfred alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekula.

Huyu Winfred hakuwa mtu wa kubabaishwa. Alimjua Laban tangu kwao Kangundo, enzi alipoendesha lori la mchanga, wakati bwana huyu alipokuwa akirudi nyumbani na kiatu kimoja na maelezo mawili. Na maelezo ya Laban, jamani, yalikuwa yamepigwa pasi. Siku mtoto wao Valentine alipopelekwa kanisani kuombewa, baba mtu hakuonekana. Alipotokea jioni alieleza jinsi alivyosimama barabarani kusaidia gari la maiti lililozama matopeni, akamtaja marehemu kwa jina, akataja ukoo wake na ugonjwa uliomwondoa. Huo ulikuwa mwezi wa Februari, na Kangundo nzima haikuwa na tope la kuzamisha hata baiskeli. Akibanwa kabisa, Laban alikuwa na kinga ya mwisho: pombe yenyewe wala haipendi, ni chungu, inamkwaruza koo, anakunywa tu ili asiwaudhi watu.

Winfred alichoka. Alimwacha mtoto kwa mama yake, akatafuta wakala, akaenda zake Saudia. Laban alikaa peke yake kwa muda, akatambua kwamba maelezo mazuri hayana faida pasipo wa kuyasikiliza, naye akatafuta wakala. Wapo waliosema alimfuata mke, wapo waliosema aliifuata nchi isiyo na baa. Yote mawili yalikuwa kweli, na hilo si jambo la kumcheka.

Sasa mikataba yao yote miwili ilikuwa inaisha Desemba. Nyumba waliyoijenga Kangundo kwa jasho la huku ilikuwa imeezekwa, imetiwa madirisha, imebaki rangi tu. Laban alitaka kujua neno moja: je, wataingia ndani pamoja? Winfred alikuwa hajajibu. Alisema atajibu siku atakapojua anaingia na nani.

Ni hapo ambapo Mhandisi Fawaz alimwita sebuleni akamwambia ajiandae kwa safari. Mhandisi alikuwa mzee mpole mwenye masharubu meupe, na tatizo lake lilikuwa moja, kwamba mwaka uliopita huko Uingereza aliingia kwenye mzunguko wa barabara upande usio wake, akauzunguka wote kinyume huku mkewe, madam, akisoma dua kwa sauti. Safari hii hakutaka kugusa usukani.

"Wewe unatoka nchi ya kuendesha kushoto," alimwambia Laban. "Utatuendesha."

Laban aliuliza wanakwenda wapi. Wanakwenda Skotilandi, kwenye kisiwa kiitwacho Islay, ambacho wenyeji hukitamka Aila na kuziacha herufi nyingine zipumzike. Kuna nini huko? Kuna baridi, alisema Mhandisi, kuna kondoo, na kuna viwanda vya wiski.

Isije ikadhaniwa vibaya: Mhandisi Fawaz hakuwa mnywaji, wala hakukusudia kuanza uzeeni. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia Jeddah kwenye mtambo unaochemsha maji ya bahari, ukakamata mvuke, ukaugeuza kuwa maji ya kunywa. Alikuwa amesoma mahali kwamba kisiwani humo kuna vyungu vya shaba virefu kama minara, vinavyofanya kazi kwa kanuni ile ile, na vingine vina umri mkubwa kuliko babu yake. Alitaka kuviona kabla magoti hayajamkatalia. Madam alikubali kwa ajili ya baridi.

Laban alimpigia Winfred simu siku hiyo hiyo. Alimwambia amepata safari mbaya na ameshaamua kuikataa, atamwambia bosi kwamba mgongo unamuuma, na bosi atatafuta dereva mwingine. Alieleza hayo kwa sauti ya mtu anayestahili pongezi.

"Nenda," Winfred alisema.

"Mama Valentine, hujanisikia. Kisiwa chote ni wiski."

"Nimekusikia. Nenda. Hii Saudia haijakuachisha pombe, Baba Valentine. Imekuficha tu."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu usiku mwingi Laban mwenyewe alikuwa ameliwaza akalifukuza. Ijumaa alilipeleka Manfuha, kwa Dominic, fundi wa viyoyozi aliyekuwa na chumba kikubwa kuliko wenzake na kwa hiyo ndiye aliyekuwa kanisa, mkahawa na baraza lao. Alitegemea huruma. Walicheka mpaka mtu mmoja akamwaga chai. Dominic alipendekeza wamwombee ndugu yao anayeingia majaribuni, wakainamisha vichwa, na katikati ya maombi mwombaji mwenyewe ndiye aliyeanza kukohoa kicheko.

Basi wakaenda. Walishuka Glasgow, wakachukua gari la kukodi, wakavuka kwa feri, na Laban akajikuta anaendesha upande wa mkono wake wa asili kwa mara ya kwanza tangu Kangundo. Mabega yalimshuka. Lakini hawajafika mbali kutoka bandarini, gari la kwanza walilopishana nalo likawa na bibi mmoja mwenye kofia ya sufu, na yule bibi akainua kidole kimoja juu ya usukani.

Kwetu hakuna dereva asiyejua maana ya hilo. Mwenzako akikuinulia kidole, anakwambia polisi wako mbele, jipange. Laban alipunguza mwendo mara moja. Alihakikisha mikanda imefungwa, akamwomba madam aweke mfuko wa karanga chini, akapapasa leseni yake mfukoni. Gari la pili likaja, kidole. Likaja trekta, kidole. Likaja gari la posta, na dereva wake akainua mkono mzima, ishara ambayo Laban aliifasiri kuwa si polisi wawili watatu bali ni msako. Sasa gari lilikuwa linatambaa. Kondoo waliokuwa wakila majani kando ya barabara waliwapita.

Mhandisi aliuliza kama gari limeharibika. Laban alimjibu kwa sauti ya chini kwamba kuna polisi mbele na wenyeji wote wamewatahadharisha. Mhandisi akavaa miwani, akakagua pasipoti zote, na kwa mwendo huo wakakivuka kisiwa kizima wakitafuta polisi, wasimwone hata mmoja. Mwenye nyumba waliyoikodi alikuwa amewasubiri mlangoni kwa muda mrefu. Aliposikia sababu ya kuchelewa ilimbidi aketi kwenye ukuta. Alipopata pumzi aliwaeleza kwamba hiyo ni salamu tu. Kisiwani humo dereva hampiti mwenzake bila kumsalimu, awe anamjua au hamjui.

Laban hakucheka. Miaka yote aliyoendesha Riyadh, hakuna dereva aliyewahi kumwelekezea kitu isipokuwa honi. Kesho yake alitoka na kidole tayari, akawasalimu wote, akamsalimu hata mtu aliyekuwa ameegesha gari na kusinzia.

Viwandani ndiko mambo yalikoharibika. Mhandisi alivikuta vile vyungu vya shaba akasimama mbele yavyo kama mtu aliyekutana na ndugu zake. Aliuliza habari za mvuke, akauliza maji ya kupoozea yanatoka wapi, akauliza shingo ya chungu ilipindwa kwa nini hivi na si vile, mpaka msichana aliyekuwa akiwatembeza akaenda kumwita mkubwa wake. Ziara ilipokwisha vikaletwa vigilasi vya kuonja. Mhandisi akaweka mkono kifuani, akashukuru, akaomba maji. Msichana akamgeukia Laban.

Laban alikuwa amejiandaa. Alikuwa na neno ambalo lingemwokoa popote duniani, na alilitoa kwa utulivu mkubwa: yeye ni dereva.

Uso wa msichana ulichangamka. Kumbe huko dereva ana fungu lake. Kwa kuwa haruhusiwi kunywa akiwa kazini, hutiliwa kipimo chake kwenye kichupa kidogo, kikafungwa vizuri na kutiwa ndani ya mfuko wa karatasi, akanywe kwa nafasi yake gari likishalala. Msichana alikiweka kichupa mkononi mwa Laban na kumwambia amekistahili. Kukataa zawadi mbele ya bosi na mbele ya wageni, Laban hakulelewa hivyo. Alishukuru. Mhandisi alikitazama kile kichupa, akamtazama Laban, akasema jambo moja tu, kwamba hiyo haipandi ndege.

Na viwanda vilikuwa vingi, na Mhandisi alitaka vyote. Kila walikokwenda Laban alijificha nyuma ya kazi yake, na kila mahali kazi yake ikamletea kichupa. Alivipanga kwenye mfuko wa mlango wa gari, upande wake. Vikawa vinagongana kila alipokata kona, mlio mdogo wa glasi ambao hakuna mwingine aliyeusikia, naye akaanza kukata kona polepole sana.

Nyumbani napo hakukuwa na pa kukimbilia. Watu wa kisiwa hicho huchimba udongo mweusi wa kinamasi, wakaukata vipande kama matofali, wakauanika na kuuchoma badala ya kuni. Moshi wake ndio wanaokaushia shayiri ya wiski, kwa hiyo moto ukiwaka, nyumba nzima hunuka kiwanda. Madam aliupenda moshi huo kupita kiasi. Alisema ni udi wa huku. Alifukiza shela zake, akafukiza mapazia ambayo hayakuwa yake, na siku moja akalifukiza koti la Laban kwa wema tu, akaenda kulitundika mwenyewe mlangoni pake. Laban alilala akinuka mkosaji, na hajakosa.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, Mhandisi na madam walijipumzisha. Laban alisema anakwenda kuosha gari. Aliendesha mpaka mahali barabara inapoikaribia bahari, pwani ya mawe isiyo na mtu, akavikusanya vichupa kifuani, akaketi juu ya jiwe. Nia yake ilikuwa safi: kuvimwaga vyote, halas, yaishe, arudi.

Alikifungua cha kwanza. Harufu ikampanda kabla hajakiinamisha. Ilikuwa harufu ya moshi, na ndani ya moshi kulikuwa na kitu kitamu, na ndani ya hicho kitu kulikuwa na Laban wa zamani, amekaa, amekunja nne, anamngoja. Hakuwa na mtu wa kumwona. Winfred yuko Jeddah. Kichupa kimoja ni mafunda mawili, na jioni angetafuna mnanaa. Maelezo yalianza kujipanga yenyewe kichwani, moja baada ya jingine, yamenyooka vizuri, na hilo ndilo lililomtisha kuliko harufu. Hata hivyo mkono uliinuka. Midomo iligusa kichupa. Ulimi ulilowa.

Kisha akatema, akakigeuza kile kichupa juu ya mawe. Akafungua cha pili upesi, kama anayekimbizana na mtu.

Alikuwa kwenye cha tatu aliposikia breki. Mzee mmoja aliteremka kwenye gari akaja mbio juu ya mawe, na kwa umri wake hakupaswa kukimbia juu ya mawe. Alikuwa fundi wa mapipa ya wiski, na baba yake kabla yake. Aliuliza kwa uchungu mkubwa kama mgeni anajua kitu hicho kililala ndani ya pipa kwa miaka mingapi. Laban alimwomba radhi. Alimweleza kwamba hana ugomvi na wiski yao, na kwa jinsi alivyoionja kwa ncha ya ulimi, inaonekana ni nzuri sana. Lakini kuna mwanamke Jeddah.

Mzee alivihesabu vichupa kwa macho. Akauliza kama vilivyobaki anaweza kumpa yeye. Laban aliwaza, akasema hapana, anahitaji kuviona vikiisha kwa macho yake. Basi yule mzee akavua kofia. Akasimama kando yake, uso ameugeuzia malisho, kama watu wanavyosimama kaburini, mpaka kichupa cha mwisho kikamalizika. Halafu akavaa kofia, akarudi garini, na alipompita Laban barabarani akainua kidole kimoja.

Waliporudi Riyadh zilipita wiki kadhaa kabla Mhandisi hajataka kwenda Jeddah kumwona binti yake anayeishi Al-Rawdah. Barabara ile ni ndefu na imenyooka, na Laban aliitumia yote kuyapiga pasi maelezo yake. Alijua atakachomwambia Winfred. Atasema hakuvipokea. La, atasema alivipokea lakini alivitupa pale pale, mbele ya bosi. Hakuvifungua, hakunusa, hata rangi yake haijui. Walipofika mji wa Taif, Jeddah ikiwa karibu, habari ilikuwa imenyooka kiasi kwamba yeye mwenyewe aliiamini.

Walikutana kwenye maegesho ya supamaketi moja karibu na Al-Nuzha, ambako madam wa Winfred alimpa ruhusa ya kwenda kununua vitu. Winfred aliingia garini na chapati ndani ya karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Kabla hajaketi vizuri, aliinamia koti la Laban akanusa kola. Koti lilikuwa limefuliwa mara mbili na bado lilikuwa linakisimulia kile kisiwa.

Hakupandisha sauti. Alimpa chapati, akamwambia aeleze.

Laban akaeleza. Alianza na moshi na madam na udi, na sehemu hiyo ilikuwa kweli tupu. Akafika viwandani, akaingia kwenye habari yake iliyonyooka, ikatiririka bila kukwama. Hakuvifungua. Hakunusa. Winfred alikuwa akiikunja ile karatasi ya fedha, kati, kisha kati tena, taratibu, macho yameelekea kwenye mlango wa supamaketi. Laban aliitambua ile mikono. Huko Kangundo ndivyo alivyokuwa akiikunja leso yake, jioni zile, wakati ameshaacha kusikiliza na anangoja mwanamume amalize.

Laban akanyamaza katikati ya sentensi.

"Nilikifungua kimoja," alisema.

Karatasi ilisimama.

Alimwambia yote, bila mpangilio. Kwamba alikaa kwenye jiwe na hakukuwa na mtu. Kwamba alikuwa ameshaanza kutunga atakachomwambia hata kabla hajafanya kosa. Kwamba ulimi uliigusa, akatema, akavimwaga, na mzee mmoja wa huko akavua kofia. Aliogopa, na alimwambia kwamba anaogopa, kwa sababu akirudi Kangundo baa ziko pale pale zilipokuwa.

"Ilikuwaje?" Winfred aliuliza.

"Nini?"

"Ulipoigusa. Ilikuwa chungu?"

Laban aliutazama usukani. Jibu la zamani lilikuwa pale, limekunjwa vizuri, tayari kutolewa.

"Ilikuwa tamu," alisema. "Mama Valentine, ilikuwa tamu sana. Siku zote imekuwa tamu."

Winfred alitokwa na machozi. Aliyafuta kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeona aibu kukutwa na furaha.

"Sasa ndiyo naamini uliimwaga," alisema.

Alijifunga ushungi, akashuka, akafunga mlango, akatembea hatua chache kisha akarudi. Laban akateremsha kioo.

"Rangi ya sebule nachagua mimi," alisema. "Usije ukanunua ile ya kijani ya ndugu zako."

Mikono yote miwili ya Laban ilikuwa kwenye usukani. Akafanya alichoweza: akainua kidole kimoja, vile wanavyofanya kisiwani.

Winfred, mke wa dereva, aligeuka akatazama maegesho yote, kushoto na kulia.

"Wako wapi hao polisi?" aliuliza.